Mfupa Hushika Nini Kwenye Kipandikizi cha Jino?

Wagonjwa wanaotaka kipandikizi cha jino, yaani skrubu inayopandwa kwenye taya ili ibebe jino la bandia, huniuliza kimetengenezwa kwa madini gani. Jibu ni fupi: mara nyingi titani. Laiti wangeuliza pia uso wa hiyo skrubu umetayarishwaje, maana kazi kubwa inafanyika pale. Titani ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, na utando huo ndio unaopokea damu, protini na seli za mfupa.

Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikutana na jambo hili miaka ya 1950 akichunguza mzunguko wa damu kwenye mifupa ya sungura: vifaa vyake vya titani viligoma kutoka. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza. Skrubu zake zilichongwa kwa mashine tu, bila kupakwa kitu, na mgonjwa alisubiri miezi 3 au 4 kwa taya la chini, hadi 6 kwa taya la juu, ndipo awekewe meno.

Katika kufupisha muda huo ndipo haidroksiapataiti ilipoingia. Ni kalsiamu na fosfeti, ndugu wa madini yanayoupa mfupa ugumu wake, na ilirushwa juu ya titani kwa joto kali la plazima (gesi yenye chaji za umeme, si plazima ya damu). Mfupa uliipokea vizuri mno. Katika utafiti wa Buser na wenzake wa mwaka 1991, uliofanywa kwa nguruwe wadogo, uso huo uliongoza: mfupa uligusa asilimia 60 hadi 70 ya kipandikizi. Lakini katika utafiti huohuo utando huo wa haidroksiapataiti ulionyesha dalili za kuliwa. Hapo ndipo penye tatizo. Mfupa unaushika utando barabara, ila utando wenyewe haujaishika titani kwa nguvu hiyo, na sehemu zake ambazo hazikukomaa kuwa fuwele huyeyuka. Ukibanduka kama rangi ukutani, kipandikizi kinabaki bila mshiko.

Uso ulioshika nafasi ya pili, asilimia 50 hadi 60, haukupakwa chochote. Titani ilipigwa mchanga mgumu kwa shinikizo, kisha ikachovywa kwenye asidi, ikabaki na mashimo makubwa yenye vishimo vidogo ndani yake. Mimi nauamini uso wa aina hii kuliko wa kupakwa, kwa sababu hakuna cha kubanduka.

Mashimo hayo yanasaidia hivi. Damu ikiganda, nyuzi za fibrini, protini inayoshikilia damu iliyoganda, hujinasa humo. Seli zinazojenga mfupa hutambaa juu ya nyuzi hizo huku zikizivuta. Uso ukiwa laini, nyuzi zinaweza kuchomoka kabla seli hazijafika, na mfupa ukaanza kukua kutoka ukingo wa tundu lililotobolewa kwenye taya peke yake. Nyuzi zikishikilia, seli hufika hadi kwenye titani na kuanza kujenga palepale.

Siku hizi kuna vipandikizi vinavyohifadhiwa ndani ya maji ya chumvi ili hewa isivichafue kwa kaboni. Tofauti inaonekana kwa macho: nikigusisha ncha kwenye damu ya tundu, damu inapanda yenyewe kwenye hesi za skrubu, ilhali kwenye uso mkavu wa kawaida huwa inasita.

Faida ya yote haya iko hasa kati ya wiki ya 2 na ya 4. Wakati huo mfupa wa zamani uliokibana kipandikizi unaliwa na mpya haujatosha, hivyo uthabiti hushuka. Uso mzuri hukifupisha kipindi hicho cha kushuka. Baada ya mwaka tofauti hupungua sana, na hakuna uso unaofuta madhara ya sigara au kisukari kisichodhibitiwa.

Ukwaruzo nao una gharama yake. Mfupa ukirudi nyuma na hesi zikabaki wazi, bakteria hujificha kwenye vishimo vilevile, na kuvisafisha ni kazi ngumu kweli. Ndiyo maana, mgonjwa aliyewahi kupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, namchagulia kipandikizi chenye shingo laini, na kabla ya kupandikiza tunatibu fizi kwanza.