Je, wajua kwa nini hakimu humuuliza mtuhumiwa, "Ulilala wapi?"

Tuseme kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, amekamatwa kwa tuhuma za mauaji na polisi wanasema amekiri. Anaweza kupelekwa kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, ambaye kwa kazi hiyo huitwa mlinzi wa amani, ili aandikiwe maelezo. Askari aliyemleta anatolewa nje. Kijana anajiandaa kuulizwa habari za marehemu, lakini anaanza kuulizwa mengine: ulikamatwa lini? Wapi? Kabla ya kuletwa hapa ulilala wapi?

Swali hilo limo katika mwongozo wa Jaji Mkuu kwa walinzi wa amani. Mtu aliyelala mahabusu ya kituo siku kadhaa, na anajua jioni atarudishwa hukohuko, anaweza kusema lolote ili mambo yaishe. Jibu lake linamwonyesha hakimu alikuwa mikononi mwa nani, kwa muda gani. Ndipo anaulizwa kama kuna aliyemtisha, kumpiga au kumwahidi kitu, kama kweli anataka kusema kwa hiari yake, na kama anaelewa kuwa maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Mwili nao hukaguliwa. Shati linavuliwa, hakimu anaandika anachokiona: alama za fimbo mgongoni, kifundo kilichovimba, nyayo zilizochubuka. Mahakama ya Rufani imewahi kuyatupa maelezo kwa sababu mwongozo huo haukufuatwa.

Yaani sheria yenyewe haimwamini polisi kwa neno lake peke yake, na ina sababu. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa yeye hakumgusa mtu. (Mwaka 1985 akawa Rais, kujiuzulu hakukummaliza, wanasiasa wetu wangelikumbuka hilo.)

Enzi hizo, chini ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, kukiri mbele ya polisi hakukuwa ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Mwaka 1980, machungu ya Kanda ya Ziwa yakiwa bado mabichi, sheria ikalegezwa: ungamo kwa polisi likakubalika mradi limetolewa kwa hiari. Kwangu mimi, mlango ulifunguliwa wakati mbaya kuliko wote. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo, na mtuhumiwa akipinga, mahakama husimamisha shauri na kusikiliza kwanza kesi ndogo ndani ya kesi. Lakini sheria hiyohiyo inasema ungamo halikataliwi kwa sababu tu ya kitisho au ahadi, mpaka mahakama ione kitisho chenyewe kingeweza kumfanya mtu akiri uongo. Sijui ni kitisho gani cha mahabusu kisichoweza kufanya hivyo, wakati Katiba, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa bila kuweka masharti.

Imani ya raia huishia hapo. Ukipigwa na jirani, unaenda kituoni, unapewa PF3, daktari anaijaza, na karatasi hiyo inakuwa ushahidi wako. Ukipigwa na askari, PF3 inatoka kaunta ileile. Wengi hawarudi. Wengine hata wakiibiwa hawaendi tena kuripoti, na mwizi akikamatwa mtaani anamalizwa na "wananchi wenye hasira kali". Aliyeumia ana haki ya kutibiwa kwanza hali ikiwa ya dharura, na malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kwa kamanda wa mkoa, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma.

Kwa aliye mbele ya mlinzi wa amani, swali la "ulilala wapi" ndiyo nafasi yake. Ataje kituo, siku alizokaa, aliyempiga na kilichotumika, na aonyeshe palipoumia. Kipigo kinachotajwa kwa mara ya kwanza wakati wa utetezi, miezi au miaka baadaye, mahakama mara nyingi hukiona ni hadithi iliyotungwa baada ya tukio, na kufikia hapo mgongo utakuwa umeshapona.