Kapelekwa Mirembe, kwa hiyo kesi imekufa?

Mtu wa kesi ya mauaji akipelekwa Dodoma kupimwa akili utasikia mtaani "huyo keshachomoka, wakili wake kamfundisha". Hapana jamani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inairuhusu mahakama isimamishe kesi, mshtakiwa alazwe hospitali ya akili, mara nyingi ni Isanga, kitengo cha hospitali ya akili ya Mirembe, na daktari alete ripoti ndani ya siku 42. Muda wote huo yuko chini ya ulinzi, kesi iko palepale.

"Si anaigiza tu uchizi." Wapo wanaojaribu, ila dakika kumi mbele ya hakimu ni rahisi, wiki kadhaa wodini ndo kazi. Manesi wanaona unalalaje, unakulaje, unaongea na wenzako vipi usiku. Mtu kwa daktari hajui hata jina lake, akirudi wodini anadai chenji yake ya sigara mpaka senti ya mwisho, hilo nalo linaandikwa.

"Kichaa hashtakiwi." Hapa ndo watu wanachanganya kabisa maana kuna maswali mawili tofauti. La kwanza ni la leo: anaelewa kashtakiwa kwa nini, hakimu kazi yake nini, anaweza kumweleza wakili wake kilichotokea? La pili ni la siku ya tukio: alijua anachofanya na kwamba ni kosa? Mtu anaweza kuwa mzima siku ile halafu akaugua akiwa mahabusu, huyo anatibiwa, daktari akithibitisha kapona kesi inaendelea. Mwingine aliua huku anasikia sauti lakini leo dawa zimemkaa, yuko freshi, anajibu vizuri tu, huyo anasimama kizimbani na hali ya siku ile ndo utetezi wake. Na kuwa na ugonjwa wa akili peke yake hakutoshi, wengi wana ugonjwa na wanajitetea vizuri.

Daktari haamui, anatoa maoni. Anayeamua ni mahakama.

Halafu hii ya "akikutwa chizi anaenda nyumbani", nani kawaambia? Mahakama ikiona alitenda ila hana hatia kwa sababu ya uchizi, anashikiliwa kama mhalifu mgonjwa wa akili na hakuna anayemtajia miaka. Kwa kesi ya kuiba simu, mimi ningekiri tu nikahesabu miezi yangu.