Kikao cha Dakika 15: Timu za Programu Zinavyoongea

Saa tatu asubuhi, ghorofani Ngamiani jijini Tanga, vijana watano wamesimama mbele ya ubao wenye vikaratasi vya rangi. Upepo wa bahari huvipeperusha, kwa hiyo wamevibana kwa pini. Wanapangiana kazi za siku.

Huo ni utaratibu wa ajaili, yaani kutengeneza programu kwa awamu fupi. Tamko lake liliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, nchini Marekani. Kanuni mojawapo kati ya 12 inasema njia bora ya kupashana habari ndani ya timu ni kuzungumza ana kwa ana. Mwongozo wa skramu, mtindo maarufu wa ajaili, unataka kikao cha kila siku kisizidi dakika 15.

Vijana hawa wanatengeneza programu ya ushirika wa mkonge. Wiki mbili za kwanza zilipoisha, walimwonyesha mhasibu wa ushirika fomu ya kupokelea mzigo. Akaitazama, akauliza: "Mbona mmeweka kilo tu? Majani sisi tunayahesabu kwa mita." Mchana uleule ikarekebishwa. Wangefuata mtindo wa kuandika mahitaji yote mwanzoni na kukabidhi kazi mwishoni, swali hilo lingekuja fedha za mradi zimeshakwisha.

Ila kusimama tu hakutoshi. Nilipoongoza mradi wangu wa kwanza, kikao nilikigeuza mahudhurio ya shule. Kila mmoja alinitazama mimi, akasema "inaendelea vizuri, bosi," akanyamaza. Mdogo wao alikuwa amekwama siku nne kwenye kuunganisha malipo ya simu, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Huku kwetu adabu ni kumwachia mkubwa aanze. Siku hizi mimi nakaa pembeni, na mdogo ndiye mfunguzi.

Idadi nayo ina hesabu yake: watu 5 ni jozi 10 za mazungumzo, watu 10 ni jozi 45. Mwongozo wa skramu unashauri timu isizidi watu 10.

Na grupu la WhatsApp? Linafaa kwa "jamani, umeme umekatika." Uamuzi ukifanyikia humo, wiki haiishi umeshafunikwa na salamu na picha za harusi. Vijana wa Ngamiani huuandika kwenye kikaratasi cha kazi husika, kisha wanaupiga picha ubao na kumtumia mwenzao aliyeko Pangani.