Kipenzi wa Mama Naye Huumia
Wengi tunaamini kwamba mzazi akimpendelea mtoto mmoja, anayeumia ni yule aliyeachwa pembeni tu. Si kweli. Mwaka 2010, Karl Pillemer, Jill Suitor na wenzao walichapisha utafiti wa familia 275 za eneo la Boston, Marekani. Watoto wenyewe walishakuwa watu wazima, lakini pale mama alipobagua, dalili za sonona zilionekana zaidi, kwa vipenzi na wasio vipenzi.

Kipenzi hubeba kinyongo cha ndugu zake na hofu ya kupoteza nafasi yake. Mwenzake naye, kila ripoti ya shule ikija, anaambiwa “mwangalie mwenzio”. Akianza kumpiga mdogo wake au kujitenga, tunamwita mkorofi. Inaniuma sana, maana anachouliza ni kama naye anapendwa.

Hii haimaanishi kila kitu kigawanywe sawa. Mtoto mgonjwa lazima abembelezwe zaidi. Watoto wakiielewa sababu na kuiona ya haki, tofauti hiyo huwaumiza kidogo. Mwambie basi, hata akiwa na miaka mitano: “Leo nambeba dada yako kwa sababu ana homa.”