Kutimia sio kuisha, jamani

Jumapili iliyopita nimetoka ibadani, nimesimama pale nje kwenye mnada wa sadaka na jogoo kwapani (nilikuwa nimeshinda bei, sijui hata nilikuwa nawaza nini), anakuja kijana mmoja wa kwaya na simu mkononi. "Shikamoo mwalimu, naomba nikusomee kitu." Akasoma Yoshua 21:43 mpaka 45, kwamba BWANA aliwapa Israeli nchi yote aliyowaapia baba zao, halikuanguka neno lolote, mambo yote yalitimia. Akaizima simu kama wakili aliyemaliza na shahidi. "Kwa hiyo ahadi za Israeli zilishaisha zamani, si ndiyo mwalimu?"

Huyo ni wa nne mwezi huu, na wote wanne wamekuja na aya ile ile. Basi ngoja niandike mara moja, wa tano nimtumie hii.

Tuanze na kitabu chenyewe. Huwezi kubeba sura ya 21 ukairuka ya 13, ambako Mungu mwenyewe anamwambia Yoshua wewe umezeeka na nchi iliyobaki kumilikiwa bado ni nyingi mno. Ukifungua Waamuzi 1 ndo kabisa, ni orodha ya miji ambayo hawakuwatoa wenyeji wake. Najua, utaniambia ni vyanzo viwili tofauti vya maandishi vilivyounganishwa baadaye, hayo nayafundisha kila muhula, lakini aliyekiunganisha kitabu hakuwa kipofu, aliziona zote mbili akaziacha zikae nyumba moja.

Sasa hapa ndo panaponiudhi. Tatizo ni hilo neno "yalitimia". Sisi kwa Kiswahili chetu kitu kikitimia tunasikia hesabu imejaa, leta risiti, tuachane. Kiebrania mwishoni mwa aya ile kina maneno mawili tu, hakkol ba, yaani "yote yalikuja". Kilichosemwa kikaja, basi. Hakuna mahali panaposema mkataba umefungwa. Mwanaume aliyeahidi madhabahuni kumtunza mkewe, akamtunza mwaka wa kwanza vizuri tu, ametimiza ahadi au hajatimiza? Ametimiza. Haya, akaseme nyumbani kwamba ile ahadi ilishatimia 2009, tuone atalala wapi.

Na usinidanganye kwamba ni mimi nimeligeuza neno, msikilize Yoshua mwenyewe sura mbili mbele, 23:14, anarudia yale yale kwamba hakuna hata neno moja lililoanguka, afu papo hapo mstari wa 15 na 16 anawaambia kama mema yote yalivyowajia, mabaya nayo yatawajia mkilivunja agano, mtaangamia upesi mtoke katika nchi hii njema. Kwa hiyo kwa Yoshua kutimia kwa ahadi ndo mwanzo wa kuishi nayo, na unaweza ukaivuruga.

Lakini andiko ninalolipenda kuliko yote, ambalo sijawahi kusikia mtu wa Yoshua 21:45 akilitaja, ni Nehemia 9. Watu wamesharudi kutoka uhamishoni, Walawi wanaomba. Mstari wa 8 wanamwambia Mungu ulifanya agano na Abrahamu kuwapa uzao wake nchi, na ukayatimiza maneno yako kwa kuwa wewe ni mwenye haki (kwa Kiebrania ni kama kusema "ukayasimamisha"). Safi. Shuka mstari wa 36, maombi yale yale, midomo ile ile: tazama, sisi leo ni watumwa, na nchi uliyowapa baba zetu tule matunda yake, sisi ni watumwa ndani yake. Mazao yanaliwa na wafalme wa kigeni. Sasa hao watu ahadi kwao imetimia au haijatimia? Wanasema vyote viwili bila kumung'unya maneno, na hakuna mzee aliyesimama kuwaambia jamani mnajipinga.

Wengine wakibanwa kwa Yoshua wanakimbilia kwa Sulemani, 1 Wafalme 4:21, kwamba alitawala toka Mto Frati mpaka mpaka wa Misri, ndo Mwanzo 15:18 hiyo (Mungu anamwahidi Abramu nchi toka mto wa Misri mpaka Frati) imetimia. Hapo hoja ina nguvu kidogo, nakubali. Ila soma vizuri, zile ni falme zinazoleta kodi, sio makabila ya Israeli yamegawiwa viwanja. Na Sulemani huyo huyo sura ya 9 anamkabidhi Hiramu mfalme wa Tiro miji 20 ya Galilaya baada ya kupewa mierezi na miberoshi na dhahabu, na Hiramu alipoenda kuiona hakuipenda! Nchi ya ahadi imetolewa na bado mpokeaji analalamika. Ukiniuliza, hicho sio kilele cha historia ya agano.

Afu Yeremia. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, yeye mwenyewe amefungwa kwenye uwanda wa walinzi, na ndo ananunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, na mashahidi, na hati mbili, moja imetiwa muhuri nyingine iko wazi, anamwambia karani wake Baruku ziweke kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Kama faili lilifungwa siku za Yoshua, huyu mzee ananunua nini?

Agano Jipya nitapita haraka maana jogoo ananisubiri. Waebrania 4:8 inasema kama Yoshua angaliwapa raha (yaani pumziko), isingetajwa siku nyingine baadaye. Mwandishi yule aliijua Yoshua 21 vizuri kuliko sisi.

Na nyie wa upande wa pili msicheke, mnaoweka kidole tarehe 14 Mei 1948, siku taifa la Israeli la leo lilipotangazwa, mkasema hapa ndipo, imeisha hiyo. Kosa ni lile lile, faili limefungwa, mmebadilisha mwaka tu. Kumbukumbu 30 inaunganisha kurudi nchini na kumrudia BWANA kwa moyo, na Warumi 4:13 Paulo anamwita Abrahamu mrithi wa ulimwengu, sio wa Kanaani peke yake, hiyo mnaipeleka wapi?

Mimi mwenyewe kuna pahali nayumba. "Milele" ya Mwanzo 17:8, Mungu anapomwambia Abrahamu Kanaani itakuwa milki ya milele, kwa Kiebrania ni olam, neno lile lile la mtumwa aliyetobolewa sikio kwenye Kutoka 21:6 atumike "milele", na huyo alikufa, kwa hiyo siwezi kulitumia kama nyundo. Na Warumi 11:26, "Israeli wote wataokoka", nimeshabadilisha msimamo mara mbili darasani, wanafunzi wa zamani wananicheka. Kwa sasa nasoma ni Israeli wa damu, kwa sababu mstari wa 25 ndo unawazungumzia, ila sitaapa.

Kijana kasema Jumapili hii analeta Wagalatia 3:16, pale Paulo anaposema mzao wa Abrahamu aliyeahidiwa ni mmoja, Kristo. Aje. Mnadani sinunui kitu mpaka tumalize.