Sumukuvu haioti

"Mfuko huu umeota sumukuvu kidogo tu. Uanike juani, ukung'ute, kesho tuwalishe."

Nimeisikia kauli hii, au ndugu zake, mara nyingi mno kwenye stoo za chakula cha samaki, na anayeitoa huwa si mzembe. Mara nyingi ni mtu anayefagia stoo kila siku na anayejua kila mfuko ulipokelewa lini. Tatizo ni neno. Amelitumia vibaya, na kosa la ulimi limezaa kosa la mkono.

Maana yake kwa haraka: sumukuvu ni sumu zinazotengenezwa na baadhi ya kuvu zinapoota kwenye nafaka, karanga, mashudu, pumba, na vyakula vinavyotokana na hivyo, cha samaki kikiwemo. Inayotajwa zaidi ni aflatoksini. Zipo pia fumonisini, okratoksini na nyingine kadhaa. Hiyo inatosha.

Sasa neno lenyewe. Limeungwa kwa maneno mawili: sumu, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, na kuvu, ambalo wengine wetu huliita ukungu. Kiswahili kikiunganisha majina namna hii, mzigo hubebwa na jina la mbele, la nyuma linafafanua tu. Askari kanzu ni askari; hakuna anayedhani ni aina ya kanzu. Njugu mawe ni njugu, na anayetafuna mawe shauri yake. Kwa mwendo huohuo, sumukuvu ni sumu: sumu itokayo kwa kuvu. Waliolitunga neno wangetaka kutaja kuvu yenye sumu wangeanza na kuvu.

Na sumu haioti. Kinachoota ni kuvu. Hiyo ni kiumbe: ina nyuzi, ina vijimbegu vinavyopeperuka kama vumbi, inataka unyevu na joto, na ikinyimwa maji inasimama. Ndiyo ule utando wa kijani au wa kijivu unaoshikamanisha punje za chakula zikawa donge. Sumukuvu ni kemikali. Haina nyuzi, haina rangi ya kuonekana kwa jicho tupu kwa viwango vinavyopatikana kwenye chakula, haina harufu ya kukuonya, wala haina uhai ambao utauua kwa kuianika.

Wazungu nao walilifumba jambo hili ndani ya jina lao, na hapa naomba nivumiliwe kidogo kwa sababu hadithi yake naipenda. Mwaka 1729 padri mmoja Mtaliano aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, Pier Antonio Micheli, alitazama kuvu fulani kwa hadubini akaona kichwa chake kinafanana na kile chombo cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Akaiita Aspergillus, kutokana na jina la chombo hicho. Aina mojawapo, yenye rangi ya kuelekea manjano, ikapewa jina la pili flavus, yaani ya manjano kwa Kilatini. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Sumu iliyopatikana humo ikaitwa aflatoksini: "a" ya Aspergillus, "fla" ya flavus, kisha toksini. Toksini nayo asili yake ni neno la Kigiriki lililohusu sumu ya kupaka kwenye mishale. Mshale ukishapakwa, huwezi kudai sumu imeisha kwa kuwa aliyeipaka ameondoka.

Wafugaji wa samaki tunayo sura yetu katika hadithi hiyo, ingawa husimuliwa mara chache. Karibu miaka ileile, vituo vya kuzalishia trauti, samaki wa maji baridi, nchini Marekani vilianza kukuta uvimbe wa saratani kwenye maini ya samaki, kwa wingi usio wa kawaida. Chakula kilikuwa na mashudu ya pamba, na mashudu yalikuwa na aflatoksini. Trauti ikatokea kuwa miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kuliko wote. Perege na kambare ni wagumu zaidi, na ugumu huo ndio unaotudanganya. Hawafi kwa mkupuo. Wanakula, wanakua polepole, ini linaharibika, ugonjwa mdogo unawaangusha, na mwisho lawama inamwangukia aliyeuza vifaranga.

Turudi kwenye tofauti, maana hapa ndipo mambo yanapokorogeka pande zote mbili.

Upande wa kwanza: kuwepo kwa kuvu si ushahidi wa sumukuvu. Hamira ni kuvu, na mkate tunakula. Uyoga uko kwenye kundi hilohilo. Hata ndani ya Aspergillus flavus kwenyewe zipo koo zisizotengeneza aflatoksini kabisa, na baadhi ya wataalamu huzimwaga mashambani makusudi ili ziwanyang'anye nafasi ndugu zao wenye sumu. Kwa hiyo anayeona utando akatangaza "hii ni sumukuvu" anabahatisha. Wakati mwingine anapatia.

Upande wa pili ndio unaonikosesha usingizi: kutokuwepo kwa kuvu si ushahidi wa usalama. Kuvu inaweza kuwa iliota shambani wakati wa ukame au kwenye ghala la mwenye mashudu, ikatengeneza sumu, ikakauka, ikakung'utwa, kisha nafaka ikasagwa na kukandamizwa kuwa punje safi zenye harufu nzuri ya dagaa. Unapokea mfuko uliofungwa vizuri na sumu imo ndani. Joto la kupikia haliimalizi. Aflatoksini huanza kuvunjika barabara kwenye nyuzi zinazopita 200 za Selsiasi, na mashine za kutengeneza punje zinazoelea hupunguza sehemu tu. Kuchanganya mfuko mbaya na mizuri minne ili "ipungue makali" ni kuigawa sumu kwa usawa, na Umoja wa Ulaya umekataza hilo kisheria.

Viwango vyenyewe ni vidogo kiasi cha kuchekesha. Kikomo cha Umoja huo kwa mali ghafi ya chakula cha wanyama ni mikrogramu 20 za aflatoksini B1, iliyo kali kuliko aina zake nyingine, kwa kilo. Kwa tani nzima hiyo ni miligramu 20, takriban uzito wa punje moja ya mchele. Isitoshe, haisambai sawasawa: konzi moja inaweza kuwa safi na nyingine kutoka mfuko huohuo ikapita kiwango mara nyingi. Ndiyo maana wapimaji huchota sehemu nyingi, wakachanganya, wakasaga, ndipo wakapima. Anayepeleka maabara kiganja kimoja cha juu amepima kiganja hicho.

Basi utunzaji wa stoo unafanya nini? Unazuia kuvu. Hilo tu, na ni kubwa. Mifuko inakaa juu ya chaga, haigusi sakafu wala ukuta, kwa sababu saruji hunyonya maji na kuyapandisha. Hewa inapita. Bati linalochemka mchana na kupoa usiku hudondosha jasho, na jasho hilo likipata mfuko wa juu kabisa, ndipo donge la kwanza huzaliwa. Unyevu wa chakula ukikaa chini ya asilimia 12 kuvu inapata shida; ukivuka 14 imekaribishwa. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, na kisikae miezi na miezi. Panya nao ni suala la unyevu pia: wanatoboa mfuko, wanakojoa ndani, na wewe unashangaa kwa nini umeota katikati.

Nisisahau: mafuta ya samaki yaliyokaa mpaka yakanuka si sumukuvu. Dawa ya wadudu iliyomwagika karibu na mifuko si sumukuvu. Vyote vinadhuru, lakini kila kimoja kina njia yake, na kuvitia kapu moja ni kujinyima dawa ya kila kimoja.

Ukifungua mfuko ukakuta utando, ndugu yangu, sema chakula kimeota kuvu. Hapo umesema ulichokiona. Kitenge pembeni, usikimwage bwawani, wala usiwape kuku. Sema kina sumukuvu pale kipimo kitakaporudi kikisema hivyo. Na ukiulizwa kama jua limekiponya, jibu kwamba jua limekikausha.