Ubao mchangamfu si ubao mlegevu

Anayetafuta ubao wa theluji (ule wa kusimama juu yake na kuteleza, snowboard) wa kuchezea kwenye reli na masanduku, yaani vyuma virefu na majukwaa bapa ya kutelezea, hupewa ushauri mwingi kabla hajatoa hata senti, na karibu kila ushauri una chembe ya ukweli ndani yake. Ndiyo maana haufi. Tuelewane kwanza: bustani ya theluji ni ile sehemu ya mlima iliyotengwa na kupangwa reli, masanduku na vilima vya kurukia. Mtaani ni mtaani kweli, yaani ngazi za majengo, vyuma vyake vya kushikilia, kuta na kingo za saruji. Na ubao unaoitwa mchangamfu ni ule unaogeuka upesi, unaokubali kuinamiwa puani (ncha ya mbele) au mkiani (ncha ya nyuma), unaoruka bila kubembelezwa, na usiojali ni mguu gani umetangulia.

Dhana: ubao laini kuliko wote ndio unaochezeka kuliko wote

Hii ndiyo kubwa lao. Dukani ubao laini hupendeza: unaupinda kwa mkono mmoja, unatabasamu, unalipa. Mlimani ubao uleule hutetemeka ukishika kasi, na ukitua umeegemea nyuma kidogo, mkia hukunjika chini yako badala ya kukusimamisha. Halafu kuna suala la kuruka. Ubao hukurusha kwa sababu umeukandamiza ukapinda, kisha ukajirudi. Usio na ukinzani hauna cha kukurudishia.

Ukweli ni kwamba swali la maana ni ubao unalainika wapi na kwa namna gani. Kuna kupinda kwa urefu, pua hadi mkia, na kuna kujisokota, yaani upande wa vidole ukienda huku na wa kisigino kule. Hayo mawili hayaendi pamoja lazima. Ubao unaojisokota kwa urahisi hugeuka kwa kunyanyua kidole gumba tu. Unaopinda kwa urahisi kwa urefu hukuruhusu kulalia pua huku mkia ukielea juu ya sanduku. Hata nyuzi za kioo zinazofunika mbao za ndani huchangia. Zikilazwa pande mbili, kwa urefu na kwa upana, ubao husokoteka kirahisi. Zikilazwa pande tatu, na nyingine zikaenda kimshazari, hukaza. Ndiyo sababu mbao nyingi za bustani hutumia mpangilio wa pande mbili.

Jaribu hivi ukiwa dukani. Simamisha ubao, mkia sakafuni, shika pua kwa mkono mmoja, weka kiganja cha pili katikati, sukuma taratibu. Usiangalie umepinda kiasi gani, angalia umepindia wapi. Kuna mbao zinazolegea katikati, baina ya miguu, na ncha zikabaki ngumu. Kuna zenye katikati imara na ncha laini. Aina ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo inayomfaa mtu anayetaka mchezo bila kuogopa kasi: anaweza kulalia mkia apendavyo, na bado ana jukwaa la kusimamia wakati wa kutua.

Zile namba za ugumu, 1 hadi 10, zichukue kwa tahadhari. Hakuna kipimo cha pamoja kinachowabana watengenezaji wote, hivyo 4 ya kampuni moja inaweza kuwa 6 ya nyingine. Tena namba haijui uzito wako. Ubao ambao mtu wa kilo 90 anauita mlenda, mtu wa kilo 55 huuona umekaza.

Dhana: kemba ni ya wataalamu, roka ni ya mchezo

Kemba ni umbo la ubao ulioinuka katikati kama upinde ukilazwa chini: unagusa sakafu karibu na pua na karibu na mkia, na katikati mwanga unapita. Roka ni kinyume chake, katikati iko chini na ncha zimeinuka. Umbo la roka lilipata umaarufu mkubwa miaka ya 2000, hasa kupitia mbao za Lib Tech za Marekani kama Skate Banana, na kwa muda ilionekana kana kwamba kemba imezikwa.

Haikuzikwa. Roka husamehe: ncha ziko juu ya theluji, hivyo ukingo, ule ukanda wa chuma wa pembeni, haunasi ovyo unapozunguka au kushuka kwenye reli vibaya. Gharama yake huonekana kwenye barafu, ambako mshiko hupungua, na kwenye kuruka, ambako lazima uegemee nyuma zaidi ndipo ubao ujibu. Kemba huhifadhi nguvu unapoikandamiza na kuiachia kwa kishindo, ila haisahau kosa lako. Katikati ya hizo mbili kuna ubao bapa, ambao hukaa kwa utulivu juu ya reli kwa kuwa hauna mbinuko unaotaka kujirudi, na kuna michanganyiko ya kila aina. Waendeshaji wengi hodari wa mtaani wanatumia kemba, tena ya ubao laini kiasi, kwa sababu njia ya kuingilia ni fupi na wanahitaji kuruka juu ya reli kwa hatua chache tu za maandalizi. Kwa hiyo kemba nayo ni ya mchezo. Mtu anayeanza reli leo, hata hivyo, nitamshauri bapa au mchanganyiko wenye ncha zilizoinuliwa kidogo.

Dhana: ubao ufike kidevuni

Kidevu hakina uzito. Ubao haujui urefu wako. Unajua kilo zinazousimamia. Angalia jedwali la uzito la mtengenezaji, kisha kwa matumizi ya bustani na mtaani punguza sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye urefu ambao ungeutumia kwa mlima wa kawaida. Ubao mfupi huzunguka upesi hewani kwa sababu uzito wa ncha uko karibu na mwili. Ukipunguza zaidi ya hapo unaanza kukosa mkia wa kutulia.

Upana husahaulika, na husumbua kuliko urefu. Kiuno, yaani sehemu nyembamba ya katikati, cha ubao wa kawaida wa wanaume huwa karibu na milimita 250. Mpana huanza kwenye 260 hivi. Mwenye buti za namba 45 kwenda juu akisimama kwenye ubao mwembamba, vidole vinaburuta theluji kila anapoegemea. Buti kuzidi ukingo kwa sentimita moja au mbili kila upande si tatizo. Hapohapo ndipo penye maana ya mbao za wanawake: tofauti iko kwenye kiuno chembamba na ugumu uliopimwa kwa mwili mwepesi, na mwanamume mwepesi mwenye mguu mdogo hatapata hasara akiununua.

Dhana: bustani na mtaani ni kitu kimoja

Televisheni imechangia hapa. Slopustaili, shindano la kushuka mlima kupitia reli na vilima vya kurukia, iliingia Olimpiki huko Sochi mwaka 2014, na shindano la mruko mkubwa mmoja likafuata Pyeongchang mwaka 2018. Unachokiona pale ni reli juu ya mlima, halafu vilima vikubwa ambavyo mtu hurushwa navyo mbali sana. Ubao wa kazi hiyo unahitaji uimara. Laini mno ungemwangusha anapotua. Mtaani kasi haitokani na mlima. Rafiki huvuta kwa mpira mnene au kwa winchi, theluji imesombwa kwa koleo, na eneo la kutua wakati mwingine ni bapa kabisa. Ubao hapo unakutana na saruji. Kwa hiyo jiulize msimu huu utateleza juu ya nini kwa kweli, maana neno «bustani» kwenye lebo linabeba vitu viwili visivyofanana.

Kinachofanana ni umbo pacha: pua na mkia vikiwa sawa kwa urefu na kwa ugumu, na vifungio vya buti vikiwa katikati kabisa. Hapo sina la kubishana. Nusu ya mchezo ni kwenda kinyumenyume.

Dhana: tumbo la ubao la bei ghali ndilo bora

Tumbo la ubao, upande wa chini unaogusa theluji, ni plastiki ya polithini, na hutengenezwa kwa njia mbili. Moja huyeyushwa na kusukumwa kupitia tundu bapa, nyingine ni unga unaogandamanishwa kwa joto na shinikizo. Hii ya pili ni ghali, ina vinyweleo vinavyonywa nta, na huteleza kwa kasi zaidi, mradi uipake nta mara kwa mara. Usipopaka, umelipia kasi usiyoipata. Ile ya kwanza haihitaji matunzo mengi, na likitokea shimo unalijaza kirahisi kwa plastiki iliyoyeyushwa, ukakwangua, ukaendelea. Kwa anayesugua saruji kila wiki, ya bei nafuu ni uamuzi wa busara.

Dhana: kingo ziwe kali kama zilivyotoka kiwandani

Kwa barafu, ndiyo. Kwa reli, ukingo mkali hunasa penye kidutu chochote cha chuma na kukutupa kifudifudi. Chukua tupa, punguza ukali baina ya miguu na kwenye sehemu za kugusa karibu na ncha, kwingine acha. Ukizidisha, utaulilia ukingo huo asubuhi mlima ukiwa umeganda. Baada ya siku ya reli, pitisha kidole kwa uangalifu upate vibanzi vya chuma vilivyochomoza, uvilainishe kwa jiwe.

Dhana: ubao wa reli una dhamana, ukipasuka utabadilishiwa

Soma masharti. Dhamana nyingi hufunika kasoro za kiwandani, na madhara ya kugonga reli hayamo, hata kama ubao uliuzwa kwa ajili ya reli. Unaweza kupunguza maumivu kwa kuchagua wenye kingo nene na pembeni za plastiki inayofyonza mshtuko. Na ukinunua uliotumika, upeleke penye mwanga na uangalie ukingo wa chuma chini ya miguu. Utaona huenda mistari myembamba inayoukata chuma kwa upana. Hiyo ni nyufa za reli, na moja au mbili haziui ubao. Ila chuma kikiwa kimeachana na ubao hata kwa unene wa ukucha, maji yataingia kwenye mbao za ndani na kuzivimbisha, basi hata wakikupunguzia bei namna gani, mrudishie mwenye ubao.